SOMO LA VIKUNDI: Ua la Mbololo na Chemchemi Zetu

Lengo la somo: Kufikia mwisho, kila mwanakikundi aweze kueleza kwa nini mmea wa porini huisha hata kama hakuna mtu anayeuchukia, na kikundi kiwe kimekubaliana jambo moja la kufanya kwenye chemchemi, kijito au kichaka kilicho karibu nacho.

Muda: Mikutano miwili, kila mmoja saa moja na nusu.

Vifaa: Daftari, kalamu, kamba ya hatua kumi, na mzee au mama mmoja mwenye umri mkubwa anayejua majina ya mimea.

Wapendwa wanavikundi wa Skuta na vijiji vya jirani,



Mmezoea kupata kutoka kwetu masomo ya ng'ombe wa gredi, kuku, mikopo na jinsi ya kuandika vitabu vya pesa. Leo tunawaletea somo la ua. Najua kuna atakayecheka na kusema, "Ua haliliwi, wala halilipi karo." Maneno hayo ni ya kweli, na hatutayakimbia. Lakini tafadhali msikilize kwanza mpaka mwisho, kwa sababu ua hili linatufundisha jambo juu ya maji tunayokunywa.

1. UA LENYEWE

Kuna ua dogo la rangi ya urujuani ambalo wengi wenu mmeliona bila kujua kwao ni wapi. Hupandwa katika kopo au chungu kidogo na kuwekwa dirishani, mahali pasipo jua kali. Majani yake ni ya mviringo, manene, yenye manyoya laini kama kitambaa cha mahameli. Katikati hutoka vijiua vitano, sita, kumi, vyenye macho ya manjano. Wauza maua mjini huliita "afrikan vayoleti". Masista wengi huliweka kwenye chumba cha wageni.

Ua hili ni mtoto wa Afrika Mashariki. Duniani kote halioti lenyewe porini isipokuwa katika nchi mbili tu: Tanzania na Kenya yetu. Tanzania liko hasa milima ya Usambara na milima mingine ya mashariki. Hapa Kenya liko Kilifi, kwenye miamba ya chokaa kama pale Cha Simba, na liko katika Milima ya Taita.

Wazungu walianza kulipeleka kwao zamani. Mwaka wa 1884 Sir John Kirk, na mwaka wa 1887 mmisionari Mwanglikana, Rev. W. E. Taylor, walituma Uingereza mimea iliyokaushwa, lakini haikutosha kulieleza vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, afisa wa Kijerumani katika eneo la Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani. Baba akampa mtaalamu wa bustani, Hermann Wendland, naye mwaka wa 1893 akaliandika kwa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa ile. Tangu mwaka wa 2015 wataalamu wameliunganisha na jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Lakini sisi tuseme tu: ua la urujuani.

Mwaka wa 1926 kampuni moja ya Los Angeles, Marekani, ilileta mbegu zake kutoka Ulaya na kuanza kuchagua aina nzuri za kuuza. Leo huuzwa kwa mamilioni. Jani moja tu, ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu, hutoa miche. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ua hili liko hatarini, utashangaa. Litakuwaje hatarini na limejaa madirishani kote duniani?

Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

2. KUJIBU "LIKO HATARINI" MAANA YAKE NINI

Kuna shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, IUCN, ambalo tangu mwaka wa 1964 hutunza daftari kubwa liitwalo Orodha Nyekundu. Ni kama daftari la zahanati: kila mnyama na mmea aliyepimwa huandikwa hali yake. Mtu anaweza kuipanga kama ngazi:

- Salama kwa sasa.
- Karibu na hatari.
- Dhaifu, yaani hatari imeanza.
- Hatarini.
- Hatarini kabisa.
- Ametoweka porini, amebaki kwenye bustani au zizi la watu.
- Ametoweka kabisa.

Aina moja ya ua la urujuani huota mahali pamoja tu duniani, kwenye msitu wa Mbololo katika Milima ya Taita. Kwa sababu ya makao hayo wataalamu waliliita teitensis, yaani la Taita. Hilo liliwekwa kwenye kidato cha tano: hatarini kabisa. Chini yake kuna kutoweka tu.

Wanapima vipi? Hawaangalii hesabu ya mimea peke yake. Huuliza maswali matatu ambayo hata sisi tunaweza kuyauliza. Kwanza, linapatikana eneo kubwa kiasi gani? Pili, liko sehemu ngapi? Tatu, makao yake yanazidi kuwa mazuri au yanaharibika? Mmea ambao mahali pake hasa pa kuota hapafiki kilomita 10 za mraba, ambao uko sehemu moja tu, na sehemu hiyo inaharibika, huhesabiwa kuwa hatarini kabisa.

Sasa tupige hesabu kidogo. Msitu wote wa Mbololo ni kama hekta 200. Kilomita moja ya mraba ni hekta 100. Kwa hiyo msitu mzima ni kama kilomita 2 tu za mraba, karibu ekari 500. Na ua letu haliko katika kila ekari. Hupenda miamba yenye kivuli na ukungu. Fikirini kabila zima la watu ambalo limebaki kwenye kijiji kimoja, na kijiji chenyewe kiko kwenye mteremko. Maporomoko yakitokea siku moja, au moto ukipita mara moja, habari imekwisha.

Na yale ya madirishani? Hayo ni kama mtoto aliyelelewa ng'ambo. Tunafurahi kwamba yuko hai. Lakini yamechaguliwa na kuchanganywa kwa miaka karibu mia moja ili yapendeze sokoni, na mengi asili yake ni Usambara wala si Mbololo. Ugonjwa ukiingia kwenye maua ya biashara, dawa ya kuyaponya hutafutwa kwa ndugu zao wa porini. Ndugu wakiwa hawapo, hakuna pa kwenda. Ni sawa na mahindi: tukipoteza mbegu zote za nyanya zetu, duka likifunga hatuna la kupanda.

3. KWA NINI LINAPUNGUA

Hakuna Mtaita aliyeamka asubuhi akasema, "Leo naenda kumaliza ua." Hili ni jambo la kushika sana. Ua halikuuawa na adui. Lilinyang'anywa nyumba.

Ua la urujuani lina mizizi mifupi. Hushika kwenye mwamba, katika ukoka na majani yaliyooza. Linahitaji kivuli cha miti mirefu na hewa yenye unyevunyevu. Ukikata mti mkubwa ulio juu yake, hujaligusa ua hata kidogo, lakini jua la saa sita limelifikia. Mwamba unapata joto, ukoka unakauka, na baada ya misimu michache hakuna kitu pale. Mkata mti hata hakujua kulikuwa na ua.

Milima ya Taita zamani ilikuwa imefunikwa na msitu wa asili. Watu waliongezeka, mashamba yakapanda juu, mbao zikatakiwa, kuni zikatakiwa. Kilichobaki leo ni vipande vipande juu ya vilele: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo. Ndege watatu wa huko, kurumbiza wa Taita, ndege mdogo aitwaye apalisi wa Taita, na jichojeupe wa Taita, wanabanwa kwenye vipande hivyo hivyo pamoja na ua letu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha somo hili. Watafiti walilinganisha picha zilizopigwa na ndege mwaka wa 1955 na zile za mwaka wa 2004. Wakauliza: msitu umepungua kiasi gani? Wakakuta kwamba eneo lote lenye miti lilikuwa limepungua kidogo sana, kama asilimia 2 tu. Mtu angeweza kupiga makofi na kusema, "Watu wa Taita wamehifadhi!" Lakini walipotenganisha miti, walikuta msitu wa asili umepungua karibu nusu. Pengo lilikuwa limejazwa na misonobari, saipresi, mikaratusi na miwati.

Kwa macho ya mtu anayepita barabarani, mlima bado ulikuwa wa kijani. Kwa ua, nusu ya nyumba ilikuwa imebomolewa.

Hivyo tunajifunza kwamba miti mingi si lazima iwe msitu. Chini ya msonobari sindano hutanda na kitu kidogo sana huota. Chini ya mkaratusi, ile miti tunayoiita blugamu, udongo hukauka. Miti hiyo si dhambi. Imejenga nyumba zetu na imetupa kuni. Lakini haifanyi kazi ya mugumo, wala ya muiri, wala ya mukoigo. Tukihesabu miche tu bila kuuliza ni miche gani na imepandwa wapi, tunaweza kujisifu huku tunapoteza.

4. "TAITA NI MBALI, INATUHUSU NINI?"

Swali zuri. Mama mmoja lazima ataliuliza, kwa hiyo tulijibu sasa.

Milima ya Taita ni sawa na tangi la maji. Mto Voi huanzia huko. Ule ukungu ambao ua linaupenda ndio huo unaodondoka kwenye majani ya miti na kuingia ardhini, halafu kutoka chini kama chemchemi. Ua likianza kukauka, si ua peke yake. Ni kama kuku wa kwanza kuumwa katika banda: mwenye busara hasemi "ni kuku mmoja tu."

Na sisi wa Nyeri tumekaa katikati ya matangi mawili, Kirinyaga upande huu na Nyandarua upande ule. Tuliona tulipofika. Mwaka wa 1999 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilipitisha ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya na kuhesabu uharibifu: miti ya asili iliyokatwa, matanuri ya makaa, mashamba ya bangi ndani ya msitu. Kelele zilizotokea ziliufanya msitu ule utangazwe kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka wa 2000. Upande wa Nyandarua, ua wa umeme wa kama kilomita 400 ulikamilika mwaka wa 2009. Hayo ni mambo makubwa ya serikali na wafadhili. Lakini vichaka vidogo vya mabondeni, pale Skuta na ridge zetu nyingine, hakuna ua wa umeme unaovilinda. Mlinzi wake ni sisi au hakuna.

Tunayo mimea yetu wenyewe ya kuangaliwa. Kuna mshubiri, ambao Wagikuyu huuita thugurui, uitwao na wataalamu Aloe nyeriensis, yaani mshubiri wa Nyeri. Jina la kaunti yetu limebebwa na mmea huo katika vitabu vya dunia nzima. Mwaka wa 1986 Rais Moi alitoa amri ya kuilinda mishubiri ya porini, kwa sababu watu walikuwa wakiivuna ovyo kutoa utomvu wa kuuza. Hata leo biashara ya mishubiri ya porini kwenda nchi za nje husimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Kuna pia muiri, ambao gome lake hutafutwa kwa dawa ya wazee wenye shida ya kibofu. Nao tangu mwaka wa 1995 umewekwa chini ya mkataba huo, kwa kuwa watu walikuwa wakiuchuna mpaka ukafa wima.

Tena tunaye shahidi wa nyumbani. Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka wa 1940 na kusomeshwa na masista pale Mathari, karibu nasi hapa. Ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi alipokuwa msichana kulivyokuwa na mugumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake. Karibu na mti huo palikuwa na kijito chenye nduma na mayai ya vyura. Aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Mizizi ya mugumo ilikuwa inapasua mwamba na kuyaleta maji juu, na pia kuushika mteremko. Wazee hawakuwa na diploma ya maji, lakini walijua. Wataita nao walikuwa na misitu yao mitakatifu, fighi, iliyolindwa na wazee, ambamo mtu haruhusiwi kukata ovyo. Mwaka wa 1977 Wangari alianzisha Green Belt Movement, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alianza na akina mama wa vikundi, kama nyinyi.

5. IMANI YETU INASEMA NINI

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimweka mtu bustanini kwa kazi mbili: kulima na kutunza. Sisi tumeshika kulima kwa mikono miwili. Kutunza tumekuachia serikali.

Bwana wetu alipotaka kuwafundisha wafuasi wake wasiwe na wasiwasi, aliwaambia watazame maua ya shambani, ambayo hata mfalme Sulemani hakuvaa vizuri kama moja lao. Tuulizane: mtoto wa leo akisomewa Injili hiyo, atatazama ua gani? Lile la plastiki?

Mwaka wa 1979 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mtakatifu Fransisko wa Asizi kuwa msimamizi wa wale wanaotunza mazingira. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani, tarehe 1 Januari 1990, alifundisha kwamba amani na Mungu inakwenda pamoja na amani na viumbe vyake vyote. Na mwaka wa 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alieleza kwamba kila aina ya kiumbe humtukuza Mungu kwa kuwako kwake tu, na sisi hatuna haki ya kuizima sauti hiyo. Katika barua hiyo hiyo aliunganisha kilio cha ardhi na kilio cha maskini. Chemchemi ikikauka, tajiri huchimba kisima. Maskini ndiye anayeongeza safari na mtungi.

6. MFANO WA KUJADILI: BONDE LA KIKUNDI

Sasa tuachane na Taita turudi nyumbani. Tuchukue mfano wa kikundi ambacho si cha mtu yeyote, lakini mtakitambua.

Kikundi kina wanachama ishirini na nne. Kina nusu ekari bondeni, na katikati yake kuna chemchemi. Pembeni kuna kichaka cha asili: mukuyu mmoja mzee, mikoigo miwili, maigoya, na maua madogo ya porini ambayo watoto huyachezea. Mnunuzi wa nguzo amekuja. Anasema mkifyeka kichaka na kupanda blugamu, baada ya miaka michache atanunua zote. Mkutano umegawanyika.

Mama Wanjiru anasema, "Mimi nina watoto watatu sekondari. Mukuyu haujawahi kunipa hata shilingi ya kitabu. Mnataka nimpeleke mwalimu mkuu maua?"

Mzee Gichuki anasema, "Mwanangu, maji haya alikunywa baba yangu. Blugamu ikishika pale, mtaletewa maji na lori."

Kijana mmoja anasema, "Basi tupande nusu kwa nusu."

Tusiharakishe kumshangilia mzee kwa kuwa ni somo la kanisa. Mama Wanjiru anasema ukweli. Karo ni karo. Mtu anayetetea ua mbele ya mama aliyefukuziwa mtoto shule bila kumpa njia nyingine, huyo anahubiri tu. Na kijana naye ana nia njema, lakini maji hayajui nusu kwa nusu. Mizizi ya blugamu ikifika kwenye chemchemi, haiulizi mpaka uko wapi.

Njia tunayowashauri ni kutenganisha mahali, si kugawanya mahali. Fikirieni mteremko kama nyumba yenye vyumba vitatu.

Chumba cha chini ni maji. Hapo abaki mukuyu, mikoigo, na kila kinachoota chenyewe. Hapalimwi wala hapafyekwi. Sheria ya maji inataka ukingo wa mto uachwe, kuanzia mita 6 na kwenda juu hadi mita 30 kufuatana na upana wa mto; ulizeni ofisi ya maji iwapimie mahali penu. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame, Waziri wa Mazingira John Michuki aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito ing'olewe. Kwa hiyo anayepanda leo kwenye maji hapandi pesa, anapanda kesi.

Chumba cha kati ni majani ya nepia, nduma pale penye unyevu, na mizinga ya nyuki. Nyuki wanataka maua ya porini; hapa ndipo kichaka kinapoanza kumlipa Mama Wanjiru. Asali, maziwa ya ng'ombe aliyekula nepia, na nduma sokoni si pesa ya siku moja kama nguzo, lakini huja kila mwaka.

Chumba cha juu, kwenye ridge kavu mbali na maji, ndipo mahali pa mti wa biashara. Hapo panda mukima kwenye mipaka ya mashamba, au hata blugamu kama kuna nafasi. Mwenye shamba la juu akubaliane na kikundi, muandikiane mbele ya chifu msaidizi, nguzo zikiuzwa sehemu iingie kwenye mfuko wa karo.

Hatusemi hesabu hii itamridhisha kila mtu. Pesa ya nguzo ingekuwa nyingi zaidi mara moja. Lakini kikundi kiandike pia upande wa pili wa daftari: chemchemi ikikauka, kila mama atatembea saa ngapi zaidi kwa siku, ng'ombe atanyweshwa wapi, na mtungi utanunuliwa bei gani. Mkishaandika pande zote mbili, ndipo mpige kura.

7. MAMBO YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kwanza, matembezi ya kuhesabu. Nendeni kwenye kijito au chemchemi iliyo karibu, pamoja na yule mzee na watoto wawili au watatu. Pimeni hatua mia moja kwa kamba. Kila mmea wenye ua, uandikeni: jina lake kwa Kigikuyu kama mzee analijua, rangi yake, na iko michache au mingi. Msing'oe. Mmea uking'olewa porini na kupelekwa kwenye kopo nyumbani, hatujauokoa, tumeuhamisha ufie mahali pengine. Ukipenda kuwa nao, chukua mbegu chache au kipande kidogo mahali ilipo mingi, kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Pili, orodha ya mzee. Muulizeni: ni maua gani uliyoyaona hapa ukiwa mtoto ambayo huyaoni tena? Yaandikeni ukurasa wa peke yake. Huo ndio ukurasa wa Orodha Nyekundu ya kijiji chenu. Rudini mahali palepale mwezi uleule kila mwaka. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na habari ambayo hakuna ofisi yoyote inayo.

Tatu, angalieni miti ya juu. Katika hatua zile mia moja, ni mingapi ya asili na ni mingapi ya kigeni? Mkumbuke Taita: kijani si jibu.

Nne, kitalu. Kikundi chenye kitalu cha mukima na kahawa kiongeze angalau aina mbili za asili: mukoigo, muringa, muiri au mugumo. Mugumo ni rahisi, kipande cha tawi hushika chenyewe wakati wa mvua ndefu. Mipandwe kwanza chumba cha chini.

Tano, wale wanaopakana na msitu wa serikali waulize juu ya chama cha jamii cha msitu, CFA. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inaruhusu wananchi kusimamia msitu pamoja na Shirika la Misitu, KFS. Mtu akiwa ndani ya chama ana sauti. Akiwa nje ana malalamiko tu.

8. MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini ua la Mbololo liko hatarini ilhali ndugu zake wamejaa madirishani? Elezeni kwa maneno yenu, bila kusoma.

2. "Hakuna aliyekusudia kulimaliza." Je, kuna kitu kijijini kwetu ambacho tunakimaliza namna hiyo, bila kukusudia?

3. Katika mfano wa bonde, wewe uko upande wa nani? Ungemwambia nini Mama Wanjiru uso kwa uso?

4. Chemchemi yenu ni ya nani? Ya mwenye shamba, ya kikundi, au ya wale watakaozaliwa? Nani anasema kwa niaba ya hao wa mwisho kwenye mkutano wenu?

5. Kikundi kinachagua jambo gani moja, nani atalifanya, na kufikia tarehe gani? Katibu aandike.

Neno la mwisho kwa viongozi wa vikundi: msimalize mkutano kabla swali la tano halijajibiwa. Vikundi vingi hupenda kujadili na kuondoka na chai. Jambo dogo lililoandikwa na jina la mtu mbele yake ni bora kuliko maazimio kumi. Kama mmekubaliana kuacha mita sita tu za ukingo bila kulima, hiyo inatosha kuanza nayo. Chukueni vigingi, mkapime siku hiyohiyo, kabla mtu hajapanda viazi.

Mkituletea orodha zenu za maua kupitia katekista au ofisi ya parokia, tutazikusanya na kuzisambaza kwa vikundi vingine, ili wa ridge hii ajue kilichobaki ridge ile. Huenda ua ambalo mzee wenu amelililia bado lipo kwa jirani, ng'ambo ya mto, na hajui kama ni la thamani.

Mungu awabariki na awape mvua kwa wakati wake.